Nilimjengea mama zizi la saruji Kisaka, shamba likageuka mchanga wa plasta

Mtu aliyekuja kununua shamba letu hakuuliza linatoa magunia mangapi. Alichota udongo, akausugua katikati ya viganja, kisha akafungua mikono. Viganja vilikuwa safi kabisa.

Akasema, "Huu hata kuchekecha hauhitaji."

Mama yangu alikuwa amesimama pembeni yake. Aligeuka akaingia jikoni, na hakutoka mpaka yule mtu alipoondoka.

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Haya ninayoandika nimeyaona kwa macho, na sehemu iliyo mbaya kuliko zote niliifanya mwenyewe kwa mikono yangu. Kwa hiyo sina sababu ya kuyapamba.

Mimi nauza duka la vifaa vya ujenzi hapa Turwa, Tarime mjini. Fundi akitaka kujua kama mchanga unafaa kwa plasta, anafanya vile vile alivyofanya yule mtu. Anausugua. Ukimwachia weusi mkononi anaukataa, anasema una udongo. Ukimwachia mkono safi anapakia. Nimeliona jaribio hilo miaka yote niliyokaa kaunta, na sikuwahi kuwaza kwamba siku moja litafanyika kwenye shamba la mama.

Sasa nirudi nyuma kidogo.

Nyumbani ni Kisaka, wilaya ya Serengeti. Upande wetu ardhi ni ya mchanga tangu enzi za babu, hilo lieleweke mapema. Hatukuwahi kuwa na udongo mweusi. Lakini marehemu baba alikuwa anavuna ulezi kwenye mchanga huo huo, na ulezi wake ulikuwa wa kuuliziwa. Mtu akimwoza binti yake kijiji cha pili, wanakuja kwetu kuomba mbegu ya kwenda nayo.

Baba hakuwa na ujuzi wa ajabu. Alikuwa anahamisha zizi.

Zizi letu lilikuwa la magogo na matawi ya miiba. Likikaa mahali misimu miwili, baba anahesabu hatua, anasogea pembeni, majirani wanakuja, magogo yanang'olewa na kusimikwa upya. Asubuhi moja tu kazi imekwisha, watu wanakunywa uji na kwenda zao. Pale ng'ombe walipotoka ndipo ulezi unapopandwa mvua zikianza. Mwaka unaofuata mtama. Baadaye mihogo. Wakati huo zizi limeshasogea tena mbele.

Kwa mtindo huo alizunguka shamba zima polepole, miaka na miaka.

Sisi watoto tuliona kama usumbufu. Miiba inachoma, magogo ni mazito, na zizi likishahamishwa ng'ombe wanakataa kuingia siku mbili za kwanza. Leo ningetoa chochote nichomwe na ile miiba.

Baba alipofariki, mama alibaki na mdogo wangu Marwa. Wizi wa mifugo ulikuwa juu wakati huo, watu wa Mara mnanielewa. Kwetu walichukua ng'ombe wawili, na mama akawa hapati usingizi.

Nikaamua kufanya jambo la maana. Nilibeba saruji, nondo, wavu na bati kutoka dukani, nikaajiri fundi, tukajenga zizi la kudumu hatua chache kutoka mlango wa mama. Ukuta hadi kifuani, geti la chuma, kufuli.

Kijiji kizima kilikuja kuangalia. Mchungaji aliliombea. Jirani mmoja alimwambia mama kwamba mtoto wake amemjengea ng'ombe nyumba nzuri kuliko ya watu. Mama alicheka wiki nzima. Na mimi nilirudi Turwa kifua mbele, sitawaficha.

Wizi uliisha. Hilo nalo ni kweli, siwezi kulikana.

Lakini zizi la saruji halihami, wakuu.

Samadi ikaanza kurundikana sehemu moja. Kuisomba kwa toroli hadi shambani ni kazi ya siku nyingi, na Marwa alikuwa peke yake. Wakaanza kuja watu wa bustani za mboga na malori yao, wanaibeba wanaondoka nayo. Kwetu tuliona wanatusaidia kusafisha. Shambani nako, kwa kuwa zizi halipo tena katikati, Marwa akaona trekta litapita vizuri. Linapindua udongo kila msimu, mabua yanachomwa, ardhi inabaki uchi hadi mvua.

Miaka miwili mitatu ya mwanzo hatukuona kitu. Kisha ulezi ukawa mfupi, halafu ukakataa kabisa. Tukahamia mtama, nao ukatoa masuke kama vidole vya mtoto. Mvua ikinyesha, maji yanazama palepale, na kesho yake ukichimba kidogo ni pakavu. Mvua ikiwa kubwa, inabeba mbegu na kuzipanga kwenye mtaro wa barabara. Kiangazi upepo unaleta shamba mlangoni. Mama akawa anafagia mchanga ndani ya nyumba asubuhi na jioni.

Yeye alisema mvua zimebadilika. Marwa alisema mbegu za dukani ni feki. Mimi nilituma mbolea ya chumvichumvi. Majani yalikoza rangi wiki chache, kisha yakafifia.

Jirani yetu wa upande wa mtoni ndiye aliyeanza kuuza mchanga. Sasa hivi kwake ni shimo. Mwaka jana mwezi wa saba, yule mnunuzi akavuka mpaka kuja kwetu, na Marwa ndiye aliyemkaribisha. Simlaumu. Ana watoto wanne na shamba linalomrudishia mbegu alizopanda tu.

Wiki hiyo nilikwenda nyumbani kuwasikiliza, nikashuhudia lile jaribio. Nikamkuta afisa ugani mpya wa kata, dada wa Dodoma, ndiyo kwanza amepangiwa kwetu. Alimsalimia mama shikamoo, akakataa kiti, akaomba apelekwe mahali pa juu aone shamba lote.

Tukapanda naye kwenye yale mawe makubwa nyuma ya nyumba. Mimi, mama na Marwa.

Wakuu, nimepanda mawe yale tangu najua kutembea. Sikuwahi kuona nilichokiona siku ile.

Shamba lilikuwa jeupe kama uwanja wa mpira wa shule. Lakini katikati ya weupe ule kulikuwa na vipande vitatu, mraba kabisa, ambavyo majani yake yalikuwa bado ya kijani. Kiangazi kile.

Dada wa Dodoma akauliza pale pana nini. Marwa akasema hapana kitu, ni magugu tu.

Mama akaanza kuonyesha kwa kidole. Pale zizi lilikuwa mwaka alipozaliwa Mwita, yaani mimi. Pale lilikuwa mwaka alipozaliwa Marwa. Na kile kidogo karibu na njia ndicho cha mwisho, baba yenu alikiacha akiwa ameshaanza kuumwa. Vingine vyote vimeshafutika.

Mimi niliangalia upande wa nyumba, bati la zizi langu likiwa linang'aa.

Yule dada alieleza taratibu, bila kumsema mtu. Kwao Dodoma wanalima kwenye ukame zaidi ya huu, na baadhi ya mashamba ameyaona yakigeuka jangwa akiwa bado yuko shuleni. Mchanga peke yake haushiki maji wala chakula. Unaoshika ni ule uozo wa samadi, mizizi na mabua, na usipoongezwa unakwisha. Trekta likipindua kila msimu unakwisha haraka zaidi, jua na upepo vinamaliza kilichobaki.

Mama akamwuliza, "Mwanangu, mchanga ukishakuwa hivi, unarudi?"

Akajibu, "Mama, unarudi. Ila sijui kwa umri wako na wangu utafika wapi."

Tuliposhuka, Marwa alisema mbele ya wote kwamba yeye anauza. Aliyeharibu ameshajenga maisha mjini, anayekula mchanga ni yeye. Akaniita mkandarasi. Nilistahili.

Mama hakubishana. Alikwenda kwenye kipande cha mwisho cha baba, akachimbua kwa kijiti, akausugua udongo viganjani. Akatuonyesha mikono. Ilikuwa na weusi mwembamba kwenye mistari.

"Marwa," akasema, "nipe msimu mmoja. Mkono wangu ukitoka safi, leta lori lako."

Marwa alitazama ile mikono. Akasema, "Mmoja, mama. Sitakuongezea."

Wiki hiyo hiyo tulihamisha ng'ombe. Wamebaki watano. Tulikata miiba, tukasimika magogo pale pale ambapo udongo ni mbaya kuliko kote, maana mama alikataa kuchagua sehemu rahisi. Majirani walikuja wachache tu, wengi wa rika la baba wameshaondoka. Nilihesabu hatua kama alivyokuwa akihesabu yeye. Zangu ni fupi, zizi likatoka dogo. Mama akasema baba yenu alikuwa na miguu mirefu, akacheka, kisha akawa anajifuta macho kwa kanga.

Na ng'ombe walikataa kuingia siku mbili. Nilikaa pale nawaangalia, nikajisikia kama baba yuko upande wa pili wa uzio anawabembeleza.

Tangu siku hiyo Marwa ndiye anayelinda ng'ombe usiku. Analalamika kila nikipiga simu, lakini bado analinda. Trekta halijaingia tena, mabua yameachwa yalale juu ya ardhi. Zizi la saruji sasa ni banda la kuku.

Mwezi wa pili mwaka huu tuliwasogeza ng'ombe pembeni, mama akapanda ulezi pale walipokuwa. Ile mbegu ya baba ilishapotea kwetu, ikabidi akaiombe kijiji cha pili, kwa watu ambao zamani walikuja kuiomba kwetu. Walimpa kibaba kimoja.

Nilichojifunza ni kimoja. Kabla hujamboreshea mzazi wako kitu, keti kwanza umwulize kile cha zamani kilikuwa kinafanya kazi gani. Mimi niliona miiba na usumbufu, sikuona shamba linalishwa.

Wenye uzoefu wa ardhi ya mchanga, iwe Dodoma, Singida au kwetu huku, naomba mniambie kitu kimoja. Mlipoanza kuurudishia samadi, ilichukua misimu mingapi mkono kuanza kushika weusi? Nasoma kila jibu, na wengine ningependa kumsomea mama.

Naliuliza hili kwa sababu hii. Ulezi umeota, ila kwa mabaka. Upande mmoja umefika kwenye kifundo cha mguu, upande mwingine hakuna kitu. Mnunuzi ameshapiga simu mara mbili kuuliza.

Jumapili iliyopita Marwa alinitumia picha ya kiganja cha mama baada ya kusugua udongo wa pale. Kina doa la kahawia katikati. Mama anasema ni udongo. Marwa anasema ni samadi ambayo haijaoza, mvua mbili zikinyesha itakuwa imekwenda.

Nimeikuza ile picha mara nyingi sana. Mimi ninayeuza duka la ujenzi, sijui ni nini.