Tembo wa Farsta hachezi dansi, asema Callixte

Ni Alhamisi ya Mei 2008, saa mbili asubuhi, na uwanjani Farsta, kusini mwa Stockholm, Callixte Nduwayo amepiga magoti kwenye majani mabichi. Mguu wa tembo umeegeshwa juu ya pipa mbele yake. Anachonga kucha kwa tupa, polepole.

"Tulia mama, tulia," anasema. Rosa, tembo jike wa miaka thelathini na minane, anatulia.

Callixte ana miaka 46, anaishi Norsborg, na ni mtunzaji wa Rosa katika sarakasi moja ya kuhamahama. Kwa krona 16,500 kwa mwezi kabla ya kodi, anazoa kinyesi, anabeba kilo mia za majani makavu kila siku, na anatibu kucha zilizoharibiwa na sakafu ya trela.

Ukimuuliza aliipataje kazi hii, anacheka kwa hasira.

"Chefen, bosi wangu, aliniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Burundi. Akasema basi, tembo unawajua. Mimi mtoto wa Buyenzi, Bujumbura mjini! Tembo wa kwanza kumuona kwa macho yangu ni huyu, na nimemuonea hapa Farsta."

Kazi akaisoma mwenyewe, mwaka wa nne sasa. Na jambo alilolijua mapema ndilo linalomnyima raha. Rosa akifungwa mnyororo mguuni huanza kuyumba, kushoto, kulia, kushoto, kulia, hata saa tatu mfululizo. Hakuna aliyemfundisha. Ni ugonjwa wa mnyama mwenye akili aliyefungwa miaka mingi bila la kufanya.

Sarakasi ikaona hapo pana biashara. Ikatafuta muziki unaolingana na kuyumba huko, ikamvika Rosa kilemba chekundu, ikabandika matangazo ya "tembo mcheza dansi". Watu wazima na akili zao wanalipa kiingilio na kupiga makofi.

Hata nyumbani Callixte hasikilizwi. Juzi alimweleza ukweli huo binti yake Darlène, mwenye miaka tisa, ambaye darasa lake litakuja kwenye onyesho la Jumamosi.

"Men pappa, hon dansar ju!" mtoto akamjibu kwa Kiswidi. Lakini baba, si anacheza!

Sheria nayo haisaidii. Nchi hii imekataza simba na nyani kwenye sarakasi, tembo ikamwacha. Nani alipima, na kwa mizani gani, Callixte ameuliza mpaka amechoka.

Leo saa nne anakuja mkaguzi wa serikali. Jana bosi alimwita pembeni.

"Aliniambia mkaguzi akiuliza kama Rosa ana furaha, nijibu mimi, niseme anayo. Eti mimi Mwafrika, nitaaminika." Callixte anaitupa tupa kwenye ndoo. "Na Rosa mwenyewe Afrika hajafika! Alinunuliwa Asia akiwa mtoto!"

Mke wake Xavérine, mtunza wazee, alimsihi asubuhi akubali yaishe. "Baba Darlène, tembo halipi kodi ya nyumba," alimwambia.

"Nikamjibu tembo ndiye anayeilipa. Ndiyo shida yenyewe."

Saa nne mkaguzi anafika, mwanamke mpole mwenye viatu vya mpira. Rosa amefungwa, anayumba. Mkaguzi anamtazama kwa muda, halafu anamuuliza Callixte kama ndiyo dansi yenyewe. Bosi amesimama karibu, anatabasamu.

Callixte anajibu kwa Kiswidi, taratibu, kisha anamtafsiria mwandishi wa makala haya: "Nimemwambia hachezi. Mnyororo umemuumiza akili. Na wakimpandisha juu ya kigoda kwenye onyesho, miguu inamuuma."

Mkaguzi anaandika. Anaamuru kigoda kisitumike mpaka miguu ipone. Kuhusu kuyumba, anasema ataripoti, ila onyesho hana uwezo wa kulizuia. Saa saba mchana Callixte anaambiwa Jumatatu asije.

Inaudhi, tena sana. Msema kweli ndiye anayefukuzwa, na Rosa anabaki bila mtu anayezijua kucha zake.

Kabla jasho halijamkauka, simu yake inalia. Ni Fidèle, Mrundi mwenzake wa Skärholmen wanayesali naye pamoja. Fidèle aliwahi kusaidia kusimika hema, namba yake ikabaki kwa bosi. Sasa amepigiwa na kupewa kazi ya Rosa. Ni msafishaji wa maofisi. Hata mbuzi hajawahi kumfuga.

"Kaulizwa katoka wapi, basi, kapita," anasema Callixte, akitikisa kichwa.

Hamlaumu Fidèle. Ameshapanga la kufanya.

"Jumapili tukitoka kanisani namfundisha kushika tupa, kwa sababu Rosa hana kosa. Na mkaguzi akirudi, Fidèle aseme kama nilivyosema mimi. Akifukuzwa, ataingia Augustino, Mrundi mwingine wa pale kanisani, naye aseme hivyo hivyo. Bosi atufukuze mmoja mmoja mpaka Warundi wote wa Stockholm tumwishie. Hapo atajibu mwenyewe."