Majani ya Chai Nyumbani kwa Kemuma

Kemuma, mjane wa Gesima, alipika pombe ya wimbi miaka kumi na mitano, na pombe yake ilikuwa na sifa hadi Keroka. Mwaka wa 1968 aliacha. Aliivunja mitungi, akaigawa mirija ya kunywea, akajiandikisha darasa la ubatizo la Wasabato. Majirani walimcheka sana, wakasema sikio la kufa halisikii dawa. Waache waseme. Mjane yule alikuwa ameamua, na aliitaka siku ile ya kuzamishwa mtoni kuliko kitu kingine chochote duniani.

Ila nyumba yake ilikataa kuokoka. Harufu ya pombe ilikuwa imeingia kwenye udongo wa kuta. Aliikandika sakafu kwa samadi mara mbili, na harufu ikapenya. Na mzee wa kanisa, Jethro, alikuwa amesema atakuja Ijumaa kabla jua halijatua, aone kama mwanafunzi wake ameacha kweli. Akinusa pombe, jina la Kemuma halitasomwa Sabato kati ya wa kubatizwa.

Aliyemwokoa ni Anyiko, mke wa karani wa kituo cha majani ya chai, mtu wa kutoka ziwani. Anyiko alimwambia asihangaike na samadi. Alimletea kopo la majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, akamfundisha ayamwage yakiwa na unyevu, yalale sakafuni, kisha ayafagie asubuhi. Kemuma akafanya hivyo siku nne. Meza aliisugua kwa limau na chumvi, sufuria kwa majivu, na pembe ilipokuwa ikikaa mitungi akainyunyizia magadi. Mtaka cha mvunguni huinama, naye aliinama mpaka kiuno kikalia. Ijumaa asubuhi alisimama mlangoni, akavuta pumzi. Pombe haikuwepo! Alifurahi akaimba peke yake.

Maskini, furaha ilimsahaulisha jambo moja. Wasabato wa Gesima walilima chai na kuiuza, lakini kuinywa ilikuwa mwiko. Anayekunywa chai habatizwi.

Jethro alifika na mkewe Nyamoita jua likiwa limeinama. Akaingia, akasimama, akanusa. Akanusa tena. Aliangalia vikombe, akaangalia jiko. Kemuma akaelewa.

“Mama Ogari,” Jethro akasema taratibu, akimwita kwa jina la mwanawe, “umeacha pombe ukashika chai?”

Angejitetea vipi? Nani angemwamini mpika pombe? Kemuma alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, akatoa majani machache ambayo ufagio haukuyafikia, akamnyooshea.

“Mzee, haya ndiyo yamekunywa pombe yangu ya miaka kumi na mitano. Mimi sijayaonja.”

Jethro aliyachukua, akayanusa kwa muda mrefu. Akauliza mitungi ilikuwa ikikaa wapi. Akaenda kwenye pembe ile, akainamisha pua karibu na ukuta, mzee mzima na koti lake la kanisa. Kisha wakaomba, akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana, maana jua lilikuwa linatua na Sabato inaanza.

Kemuma hakula siku ile. Sabato alikaa benchi la nyuma kabisa. Majina yalisomwa, moja baada ya jingine, na la mwisho likawa lake. Alilia bila aibu.

Jumapili asubuhi, kabla hajamaliza kufagia ua, akamwona Nyamoita anapanda kijia, kopo tupu mkononi. Mgeni alizungumza kwanza habari za mahindi, kisha za mvua. Mwishowe akasema kuna nyumba fulani ambamo bibi kizee mmoja bado anavuta kiko chumba cha nyuma, na harufu haitoki. Mzee alikuwa amemkataza kutaja ni nyumba ya nani.

Kemuma alijua mama yake Jethro anaishi kwa nani. Alilichukua kopo, akalijaza hadi juu majani yaliyobaki ya Anyiko, akalirudisha.

“Mwambie mzee,” akasema, “ni ya kufagia tu.”