Dereva wa Riyadh na onyesho alilokataa kuliigiza

Saa nane mchana, Ijumaa. Jua la Riyadh limewafukuza watu barabarani, na katika chumba kimoja mtaani Malaz, wanaume tisa wamebanana juu ya vitanda vinne. Shuka nyeupe imetundikwa ukutani kwa misumari. Filamu imeisha sasa hivi, majina bado yanapanda juu ya shuka, na ugomvi umeshaanza.

Ilikuwa filamu ya bondia mzee anayerudi ulingoni baada ya miaka ishirini. Aliyeigiza bondia huyo ndiye pia aliyeielekeza.

"Jamaa amejipendelea!" anafoka Gilbert Rotich, mlinzi wa ghala kutoka Kericho. "Uso wake umejaa hii shuka mpaka nimechoka. Mke wake tumemwona mgongo tu. Hata akipigwa ngumi anaanguka pole pole, kama mtu anayetafuta pa kukaa."

"Wewe ulikuwa unakula njugu, hujaona kitu," anamjibu Eric, kijana anayesambaza chakula kwa pikipiki. "Yule mzee ameigiza. Ile ya kufunga kamba za viatu mkono ukitetemeka, nani mwingine angefanya?"

"Mbona yule mama wa filamu ya mwezi jana alielekeza na akajipa sehemu mbili tu? Huyo ndiye mwelekezi. Huyu wako ni mgombea kiti."

Kicheko. Chini ya shuka, Zacharia Makokha anakunja waya wa mashine ya kuonyeshea picha. Ana miaka hamsini na minne, ni dereva wa familia moja ya hapa, na ndiye mwenye mashine. Neno lake ndilo hufunga mjadala.

"Mtu anaijua hadithi yake," anasema bila kuinua kichwa. "Ampe mwingine aielekeze ili iweje? Aiharibu?"

Hapo simu ya Eric inalia. Ni ujumbe wa sauti kutoka Jeddah, mwendo wa saa kumi kwa gari. Lorine Anyango, mfanyakazi wa nyumbani katika mtaa wa Al-Rawdah, hutazama filamu ile ile kwenye simu yake wiki nzima, vipande vipande, madam wake akilala mchana. Siku ya Ijumaa hutuma hukumu yake.

"Wazee wa Riyadh, hamjambo. Baba Terry, nina swali moja. Huyo bondia alipokuwa anadanganya mbele ya kamera, nani alikuwa pale wa kumwambia rudia? Amelia filamu nzima na macho makavu."

Chumba kinapasuka kwa kicheko. Zacharia anaendelea kukunja waya ambao umeshakunjika.

Swali hilo si geni kwake. Wiki sita zilizopita Lorine alimuuliza kitu kama hicho, na filamu ya dakika kumi na tisa ambayo Zacharia alikuwa akiitengeneza kwa simu ndani ya chumba hiki ikasimama pale pale. Alikuwa ameiandika mwenyewe, akaielekeza mwenyewe, akawa steringi mwenyewe. Mtu mmoja tu ndiye aliyemtaka aitazame: binti yake Terry, aliye Kakamega.

Uigizaji hakuuanzia huku. Kwa miaka kumi na minane alizunguka shule za magharibi mwa Kenya na kikundi chake, akiwaigizia watoto wa kidato cha nne vitabu vyao vya mtihani. Yeye mwenyewe aliishia darasa la sita.

"Nimefundisha vitabu ambavyo siwezi kuvisoma vikaisha," anasema. "Rael ndiye alikuwa macho yangu. Ananisomea jikoni huku anakoroga ugali, mimi nashika kwa kichwa. Mwezi mmoja, kitabu kizima."

Rael alikuwa mkewe, fundi wa kushona nguo katika soko la Malava. Siku za maonyesho alikuwa akikaa viti vya nyuma kabisa, na Zacharia akizidisha kulia au kupiga kelele, Rael alikuwa akifungua kitambaa chake cha kichwa. "Nikikiona kimetoka, najua nimepotea, narudi kwa mstari. Kikundi kizima kilikuwa kinaniogopa mimi. Mimi nilikuwa naogopa kile kitambaa."

Corona ikafunga shule. Zilipofunguliwa, wakuu wa shule wakasema muhula ni mfupi, hakuna muda wa michezo.

"Wakubwa hawajawahi kuniuliza mimi nitakula nini," anasema, na hapo sauti yake inapanda. "Wanafunga, wanafungua. Wewe uko katikati kama kuku anayengoja kupimiwa mtama. Nikauza jenereta ya kikundi, nikamlipa wakala wa Nairobi, nikaja kuendesha watoto wa watu shule."

Mshahara wake ni riyali elfu moja mia nane kwa mwezi. Alikuwa huku mwaka mmoja na nusu Rael alipopata uvimbe kwenye titi.

Zacharia akianza kuwataja wanaostahili lawama, hamalizi haraka. Kuna hospitali ambayo mashine yake ya mionzi iliharibika, wagonjwa wakaambiwa wangoje wiki sita. Kuna mgomo uliofuata. Kuna wakala aliyezima simu. Na mwisho wa orodha, siku zote, yupo bosi wake, kafili, yaani mdhamini wake, aliyekataa kumpa ruhusa ya kwenda kumwona mkewe.

Rael alifariki mwezi wa Juni miaka miwili iliyopita. Bosi alikuwa ng'ambo, hati ya kutoka nchini ikachukua siku tisa, na mazishi hayangengoja. Zacharia aliyatazama kwenye simu, ndani ya gari, nje ya shule ya watoto wa bosi.

Hadithi hiyo ya kunyimwa ruhusa inajulikana na kila Mkenya wa Malaz. Ndiyo aliyoitengenezea filamu, akaiita Ruhusa. Eric alishika simu ya kupigia picha. Gilbert akapewa kuwa bosi, amekaa kitini, mgongo kwa kamera.

Lorine akawa mke. Sehemu zake alizipiga peke yake Jeddah, ndani ya kichumba chake, ametundika leso mbili ukutani kuficha kiyoyozi ili paonekane ni Malava. Kiyoyozi kililazimika kuzimwa. "Jasho mnaloliona usoni pangu si ugonjwa wa kuigiza," alisema kwa ujumbe wa sauti. "Ni mimi nakufa kweli."

Kazi ilikwenda vizuri hadi Gilbert alipoanza kulalamika kwamba sehemu yake ni ndogo.

"Mzee, mimi ndiye adui wa hii filamu," alimwambia Zacharia mbele ya wote. "Nimekataa ruhusa, sawa. Nimekataa wapi? Mimi sijaiona. Mke anasema njoo, mume anamwambia bosi amekataa. Sini yangu ya kukataa iko wapi? Nipe angalau maneno mawili nifoke!"

"Si lazima ionekane."

"Kwa nini isionekane? Ni kwa sababu nitakushinda kuigiza?"

Watu wakacheka. Siku hiyo hiyo ikaja sauti ya Lorine, naye hakujua Gilbert amesema nini.

"Baba Terry, nisaidie. Hapa mume ananiambia bosi amekataa. Lakini nimesoma karatasi zote, hakuna mahali alipoenda kumuuliza. Sasa mimi nilie vipi? Nilie kama mke aliyenyimwa mume, ama kama mke anayedanganywa? Hivyo vilio si kimoja."

Zacharia alizima mashine, akasema kichwa kinamuuma. Ijumaa iliyofuata hakuja. Ya pili pia.

Mwezi uliopita familia ya bosi ilikwenda Jeddah likizo, yeye akiendesha. Ijumaa jioni Lorine alikuwa na saa tatu zake, akaenda Balad, mji mkongwe wa Jeddah, kununua vitambaa vya kumtumia mama yake. Wakakutana pale, mara ya kwanza ana kwa ana, wamesimama kando ya nyumba kuukuu za mawe ya matumbawe, wachukuzi wakipita na mikokoteni na kuwapigia kelele wasogee.

"Dada, swali lako nililisikia," Zacharia alianza.

"Na jibu je?"

"Bosi hakukataa."

Lorine, anavyosimulia mwenyewe, alidhani hakusikia vizuri kwa zile kelele.

"Nilimuuliza Februari," Zacharia aliendelea. "Rael alikuwa bado anatembea. Bosi akaniambia nenda, mwezi mmoja, bila mshahara, tikiti yako. Nikapiga hesabu. Nikienda, dawa ya mwezi huo itatoka wapi? Nikamwambia bosi, basi, baadaye. Halafu nikampigia Rael nikamwambia amekataa."

"Kwa nini usimwambie ukweli?"

"Angesema acha dawa, njoo. Na mimi ningeenda."

Mkokoteni ukapita. Lorine akavuta mfuko wake usikanyagwe.

"Terry anajua?"

"Hajui."

"Na mama yake?"

"Alikufa akimlaani mtu aliyeniruhusu."

Lorine hakumwambia pole. "Ningesema pole ningekuwa namdanganya," anaeleza leo kwa simu. "Mimi nina mume nyumbani. Nilisikia uchungu kama mimi ndiye Rael. Nilimwambia maneno mawili tu. Iandike hiyo sini. Na usiielekeze wewe."

Ijumaa mbili zilizopita, chumba cha Malaz kiligeuzwa tena kuwa mahali pa kupigia picha. Simu moja ya kupigia picha mkononi mwa Eric. Nyingine imeegemezwa kwenye chupa ya chai, na ndani yake uso wa Lorine, kutoka Jeddah, akiwa mwelekezi. Zacharia alikuwa amewaeleza wenzake ukweli asubuhi. Hakuna aliyejua aangalie wapi.

Gilbert ndiye aliyeanza kusema. "Kwa hiyo sifoki?"

"Hufoki."

"Haya. Nimengoja kuwa mkatili miezi mitatu, sasa nimekuwa mtu mwema." Akavaa kanzu, akakaa kitini. Mara hii uso ulikuwa kwa kamera.

Maneno ya bosi yalikuwa mafupi: "Yalla, nenda. Mwezi mmoja, halas."

Zacharia alipaswa kujibu: "Basi, bosi. Baadaye." Kisha achukue simu, ampigie mkewe.

Mara ya kwanza aliigiza vizuri sana. Aliinamisha kichwa, sauti ikakatika, akafuta jicho. Eric alitaka kupiga makofi.

"Hapana," alisema Lorine kutoka kwenye chupa ya chai. "Siku ile ulilia?"

"Sikulia."

"Basi usinililie mimi. Rudia."

Wakarudia mara ya pili. Ya tano. Mara ya saba Zacharia alikasirika, akasema yeye amekuwa mwelekezi kabla Lorine hajamaliza shule ya msingi. Lorine akamwacha amalize, akasema rudia. Mara ya kumi na moja hakuigiza kitu. Alisema "Basi, bosi, baadaye" kama mtu anayeahirisha kununua kiberiti, akatoka kwenye picha, na waliokuwa chumbani wakasikia anavyoongea na simu mlangoni, sauti nyepesi kabisa, ya kila siku: "Mama, amekataa. Tufanyeje sasa."

"Hiyo ndiyo," alisema Lorine. "Mungu atusamehe. Hiyo ndiyo."

Zacharia hajawaondolea wakubwa lawama zao, na ukijaribu kumtuliza anakugeukia wewe. "Ile mashine ya hospitali sikuiharibu mimi. Siku tisa za karatasi sikuzitia mimi. Na nani aliniweka mahali pa kuchagua kati ya dawa ya mke wangu na mke wangu? Waulizeni wao hilo." Anashika magoti. "Kubaki huku labda ningejisamehe. Lakini nilimwacha akafa akimkasirikia mtu mwingine. Hasira iliyonistahili mimi aliipeleka kwa huyo, na mimi nikamwachia."

Filamu imekamilika. Gilbert, ambaye sasa anajiona amemshinda kila mtu kwa maneno matano, anataka iwekwe mtandaoni kesho. Eric pia. Wanabishana kuhusu hilo kama walivyobishana kuhusu bondia: Eric anasema Zacharia ameigiza vizuri zaidi tangu aache kujielekeza, Gilbert anasema hilo ndilo alilosema tangu mwanzo na hakuna anayemsikiliza.

Zacharia amekataa. Mkataba wake unaisha Novemba, na hataki kuutia sahihi mwingine.

Terry ana miaka ishirini na mmoja, anasomea ualimu. Ndiye aliyemwogesha mama yake miezi ile ya mwisho. Mpaka leo, akipigiwa simu na baba yake, hataki hata kusikia salamu za familia ya bosi. Hulitamka jina la bosi kama mtu anayetema kitu.

Ingekuwa rahisi kumtumia filamu kwa simu. Zacharia anasema ameshaitafuta namba yake mara mbili na kuiacha.

"Nikituma, ataitazama peke yake hosteli, na mimi niko huku nimejificha," anasema. "Nitaipeleka kwa mkono. Tutakaa sebuleni Malava, mimi na yeye, ile simu katikati yetu. Nitakaa upande wa ndani, ukutani. Upande wa mlango nimwachie yeye. Akitaka kutoka katikati, atoke, sitamwita. Mimi nitabaki pale mpaka iishe."