Fundi Aliyepima Goti Kabla ya Klachi

Asubuhi hii duka la rangi la jirani halijafunguliwa, na kinachoonekana gerejini ni miguu miwili tu iliyochomoza chini ya gari jekundu la spoti.

"Ngojeni kidogo, naangalia kama kuna mafuta yanayovuja," sauti inatoka huko chini.

Kisha mwenye miguu anajivuta nje, anajifuta uso kwa kiwiko na kucheka. Ni mwanamke wa makamo, ovaroli imempauka magotini, kilemba kimekazwa kichwani. Mtaani wanamwita Mama Klachi, naye jina hilo hulipokea kama cheo.

"Wenzangu wanaitwa kwa majina ya watoto wao, mimi naitwa kwa kifaa," anasema. "Lakini kifaa hichohicho ndicho kinachowalisha hao watoto. Nione aibu ya nini?"

Klachi ndiyo inayoshikanisha injini na giaboksi, kwa sahani iitwayo pleti inayobanwa na springi. Ukikanyaga pedali, vinaachana. Ukiachia, vinashikana na gari linakwenda. Mama Klachi alizijua katika gereji ya mjomba wake, alikofanya kazi miaka kumi na miwili. Mwaka jana aliaga, akakodi banda hili la mabati ili ajitegemee. Mjomba hakupendezwa. Waliagana kwa maneno machache, tena makavu.

Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu. "Mtu anaingia, ananiangalia chini mpaka juu, anauliza fundi yuko wapi. Namwambia unaye mbele yako. Anakumbuka ana haraka, anaondoka."

Ndipo likaja gari jekundu, likivutwa kwa kamba.

Mwenyewe ni dereva wa mabasi aliyestaafu, ambaye kila mtu anamwita Mzee Dereva. Maisha yake yote aliendesha magari ya watu. Hili alilinunua likiwa limekula kutu, akalifufua kidogokidogo. Mwanawe mkubwa, anayefanya kazi mbali, akamtumia supachaja, kifaa kinachoisukumia injini hewa kwa nguvu ili ichome mafuta mengi zaidi.

Injini ikapata nguvu za ajabu, klachi ya zamani ikashindwa kuzishika. Mzee alipokanyaga mafuta, injini ililia lakini gari halikuongeza mwendo, na harufu ya kuungua ikajaa ndani.

Muuza spea hakuona cha kujadili. "Dada, hapa weka klachi ya mashindano. Ile ikishika, imeshika."

Mama Klachi nusura akubali. Lakini alimwomba mzee akae kwenye usukani akanyage pedali, yeye asikilize mlio wa beringi. Mlio hakuusikia, kwa kuwa macho yalikuwa yameona jambo jingine: mzee alipitisha mkono chini ya paja la kushoto, akaunyanyua mguu na kuuweka juu ya pedali kama mtu anayepanga mzigo.

"Mzee, huo mguu una nini?"

"Hauna kitu. Umekufa ganzi tu."

"Tangu lini?"

Mzee akashusha sauti. "Binti yangu, haya yaishie humu ndani. Mke wangu akijua, gari litauzwa kesho."

Goti lilikuwa limechoka kwa kukanyaga klachi za mabasi, foleni baada ya foleni, tangu ujana. Na klachi ya mashindano ina springi ngumu, pedali yake ni nzito kuliko hata ya basi.

"Niligoma," anakumbuka Mama Klachi. "Nilimwambia siligusi gari mpaka daktari alione goti. Sitaki kukutengenezea gari halafu nije matangani kwako."

Mzee hakuwa na budi kumwambia mkewe. Mama yule alimtazama mumewe kwa huruma, kisha akaangua kicheko. "Hilo goti nalikanda kila wiki, unadhani nilifikiri ni la nani?"

Daktari aliruhusu mzee aendeshe, mradi asilitumikishe goti kwa nguvu. Ili kuwa na uhakika, Mama Klachi alimwomba mteja mwenye gari lililofungwa klachi ya mashindano amwachie mzee kulijaribu uwanjani. Gari liliruka kama mbuzi, likazima. Akaliwasha, likazima tena. Mzee alishuka akiwa ameloa jasho.

"Basi," alisema. "Langu nitaliuza."

Mama Klachi anasema neno hilo lilimuuma. Lile jekundu lilikuwa gari la kwanza la spoti kuingia bandani kwake, na mzee alikuwa miongoni mwa wachache waliomwamini bila kutaka fundi mwingine amthibitishe. Akaona afadhali ameze kiburi. Akaenda kwa mjomba.

Mjomba alimsikiliza akiwa ameinamia kazi yake, wala hakumkaribisha kiti.

"Pleti moja ukiibana sana ndiyo pedali inakuwa nzito," alisema mwishowe. "Weka klachi ya pleti mbili. Zitagawana kazi, hutahitaji springi ngumu."

"Nimezisoma, mjomba. Sijawahi kufunga."

"Nani alizaliwa amefunga?" Akanyoosha mgongo. "Ikifika, niite."

Waliagiza. Siku ya kufunga, mjomba alitangulia kufika, kabla ya mzee na mkewe. Walishusha giaboksi pamoja, wakapima kila kitu mara mbili, wakarudishia.

Injini ilipowaka, bandani kukasikika kelele za chuma. Mzee alishika kichwa. "Jamani, tumeliua!"

"Ni kama vikombe vinavyogongana kwenye sinia," alisema mkewe.

"Kanyaga klachi, mzee," Mama Klachi akamwambia. Mzee akakanyaga, kelele ikakatika palepale. Fundi alieleza kwamba klachi ya pleti mbili huyafanya meno ya giaboksi yagongane gari likiwa halijaingizwa gia; si ubovu. Lakini mzee hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia, mkono wake wa kushoto umetulia juu ya usukani.

Wiki za kwanza hakuruhusiwa kulikimbiza, ili pleti zizoeane. Mkewe ndiye aliyekuwa polisi. "Akigusa mafuta kidogo tu, namfinya," anasema.

Leo gari limeletwa kukaguliwa, na liko salama. Mzee Dereva anaingia, mkewe anafunga mkanda. Mbele ya gereji kuna mlima mfupi uliojaa foleni, mahali ambapo magari mengi huzima. Jekundu linasogea, linasimama, linasogea tena bila kushtuka. Huko juu barabara inafunguka. Injini inanguruma mara moja, na kicheko cha mama kinasikika mpaka huku chini.

Habari zimesambaa. Fundi cherehani mwenye nyonga mbovu ameshakuja kuuliza, na dereva wa lori aliyepoteza vidole. Mama Klachi anataka banda hili liwe mahali pa kurekebisha magari yawafuate watu wenye viungo vilivyochoka au kupungua. Mjomba ameahidi kuja siku mbili kila wiki; anasema kwake kumepooza.

Simu inaita. Ni mwanamume ambaye mkewe, mwalimu, mguu wake mmoja haufanyi kazi tangu alipougua. Anauliza alete gari lini.

"Gari litasubiri," Mama Klachi anamjibu, akitafuta mahali pasipo na grisi pa kukaa. "Kwanza mlete mkeo. Na mwambie avae viatu vyake vya kila siku, nione anavyokanyaga pedali."