Kisigino cha Mama

Msimu wa karanga ukifika, harufu ya udongo wa karanga zilizong'olewa sasa hivi hunipata puani kabla sijaliona shamba. Wenzangu wa Usoke, kijijini kwetu, husema inawakumbusha uji wa utotoni. Mimi, mtaniwia radhi, hunikumbusha bahari. Na wivu.

Nilikuwa na miaka kama minane tulipokwenda kwa wazazi wa mama, upande wa Bagamoyo. Ndani ya treni baba alijisifu njia nzima. "Babu zetu Wanyamwezi walikwenda pwani kwa miguu, pembe begani, wakarudi na nguo na chumvi. Mimi nilirudi na mama yako!" Abiria walicheka, mama akajiziba mdomo kwa khanga, nami nikajiona mtoto wa watu wakubwa.

Raha ile iliishia mlangoni kwa bibi. Kijijini kwetu mama aliitwa Mama Nyamizi, na Nyamizi ndiye mimi. Sikuwahi kusikia mtu akimwita vingine, hata baba. Pale ndugu zake wakamrukia: "Mwaju! Mwaju karudi!" Mwaju ndiye nani tena? Jina lile halikuwa na mimi ndani yake. Roho iliniuma, jamani.

Kesho yake maji yalipokupwa tulikwenda kuchimba kombe, wale wadudu wa baharini wanaojifungia ndani ya maganda mawili na kujizika mchangani. Baba nami tulikuwa wageni wa kazi hiyo. Baba alikuja na jembe la bibi, akainua tuta safi kabisa, limenyooka, akaanza la pili. Kila kombe aliyemfikia alimpasua. Mama mdogo Zuhura akashika kiuno.

"Shemeji! Huku hatupandi viazi!"

Utani wa Wazaramo, watu wa mama, na Wanyamwezi hauna huruma. Ufuo mzima ulicheka, na wimbi dogo likaja likalamba matuta ya baba.

Mama alivua ndala, akapandisha khanga, akaanza kutembea polepole, akibonyeza mchanga kwa kisigino, kichwa kakiinamisha kama anayesikiliza. Anasimama. Anaingiza vidole viwili. Kombe huyo, mzima!

Mwendo ule niliujua. Kila mwaka, karanga zikishavunwa, mama alipita peku shambani kwetu akibonyeza udongo vilevile, akiokota zilizosahauliwa. Majirani walimcheka: mtu wa pwani hajui jembe, anachezea udongo. Sasa pale ufuoni nilikasirika mpaka nikataka kulia. Mwendo wetu wa karanga amekuja kuwapa hawa! Na anacheka na Zuhura, bega kwa bega, wala hanitazami.

Halafu nikamsikia bibi. "Mwaju, mumeo atangulie na mtoto. Wewe kaa nasi hata miezi miwili. Mwacha asili ni mtumwa."

Mama aliyatazama maji. Baba naye alikuwa amesikia, maana alilishika jembe upya akachimba kwa nguvu, tuta baada ya tuta, jasho likimtiririka, na safari hii hakuna aliyemtania. Nilikimbia nikaing'ang'ania khanga ya mama, nikapiga kelele kama jirani anayeita kutoka barabarani: "Mama Nyamizi! Twende nyumbani!"

Watu waliangua kicheko. Mama hakucheka. Alichuchumaa, akaushika mguu wangu, akakiweka kisigino changu mchangani.

"Usichimbe. Kanyaga, usikie."

Chini ya kisigino kitu kigumu kikajisogeza. Nilimfukua yule kombe nikambana kiganjani. Hata yeye nilimwonea wivu, kwa kuwa alizaliwa huko kwao mama.

Tulirudi wote watatu. Lakini nilikuwa nimeshaolewa, naishi mjini, Kanyenye, ninahesabu wiki za kwenda kuwaona wazazi, ndipo nilipoelewa. Mama hakuupeleka pwani mwendo wetu wa karanga. Alikuja nao kwetu kutoka pwani. Miaka yote ile, shamba likishavunwa na watu wakimcheka, alikuwa akienda kwao bila kupanda treni. Kisha anarudi kutupikia.

Msimu uliopita nilikwenda Usoke. Siku hizi magoti ya mama yamechoka, anashinda kibarazani kwenye kigoda. Baba nilimkuta peke yake kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, viatu mkononi, anabonyeza udongo kwa kisigino.

"Shikamoo baba. Umepoteza nini?"

"Marahaba. Nyamaza, utawafukuza."

Alikusanya karanga za kujaza kiganja, akaenda nazo mpaka kibarazani.

"Mwaju," akasema, "kombe wako hawa."

Mama alizipokea kwa mikono miwili, uso umemlegea kama binti aliyeposwa jana. Nami nilisimama pale uani, mtu mzima, mama wa watoto watatu, na roho ikaniuma vilevile.