Kanda ya Koti la Kijerumani

Mifuko ya mitumba mimi huipekua mara mbili. Mara ya kwanza natafuta riziki, mara ya pili ni kwa sababu siiamini mikono yangu. Enzi zile za ruksa, mitumba ilipoachiwa kuingia nchini, belo la makoti likifunguliwa Makambako, nilikuwa nimeshaokota vitana, shanga, hata jino la bandia, kabla sijayapeleka makoti Njombe, ambako baridi ndiyo dalali wangu. Siku hiyo, ndani ya koti zito lililoshonwa Ujerumani, nikakuta kanda ya kaseti isiyo na maandishi.

Niliisikiliza nyumbani. Nyuzi kali, kama gitaa lililopata mafua, kisha mwanamke anaimba kwa lugha nisiyoijua. Aliimba kama marehemu mama akipalilia kule Mdandu: si kwa uzuri, kwa ukaidi. Sauti ya mama sikuwa nayo popote. Nikaifanya hii ndiyo yake.

Nikampelekea jirani yangu wa sokoni, mwenye kibanda cha kurekodi, anitolee nakala ili ile yenyewe isichakae. Nilipoifuata, aliniangalia kama dereva aliyeulizwa leseni.

"Kanda gani, dada?"

"Niliyokupa juzi."

"Hapa zinaingia nyingi, dada yangu. Labda uliota."

Haikupita wiki, ikawa inauzwa kibandani kwake, imevishwa picha ya msikiti: kaswida mpya kutoka Uarabuni. Wasafirishaji Waislamu wakainunua kwa heshima zote. Ningeweza kuwaonya. Sikuwaonya. Mwizi ukimzuia mapema anaanguka kutoka kimo kifupi. Mimi nilitaka aanguke kutoka juu.

Akaja mzee mmoja mwenye malori, aliyewahi kuwa baharia. Alikuwa amenunua nakala jana yake.

"Kijana, kaswida hii umeitoa wapi?"

"Maskati, mzee wangu. Niliagiza mwenyewe."

"Tangu lini Maskati wanaimba Kituruki?"

Watu wakaanza kusogea.

"Niliwahi kuugua safarini," mzee akasema, "meli ikaniacha Ujerumani. Nikapanga nyumba moja na Waturuki, vibarua wa kiwandani. Jumapili wanajaa jikoni, mmoja anapiga kinanda chake cha nyuzi, cha shingo ndefu kama gitaa, wengine wanaitikia huku machozi yanadondokea mchuzi. Kaswida naijua, nimelelewa nayo. Hawa ni watu wanaolilia kwao."

Nilikuwa nimesimama na makoti begani. Nikaingia hapo hapo.

"Shikamoo, mzee. Kanda hiyo ni yangu."

"Marahaba. Mwenye mbuzi hutaja alama, mama."

"Wimbo wa tatu, mwanamume anakohoa. Yule mwanamke anacheka, lakini haachi kuimba. Upande wa pili, karibu na mwisho, mtoto anagonga sufuria, anafokewa."

Mzee akamgeukia jirani yangu. "Na wewe, taja zako."

Angetaja nini? Nakala alizitoa kwa mwendo wa mbio, kanda inalia kama panya, hakuwahi kuisikiliza hata siku moja. Wakaiweka kwenye redio. Kikohozi kikaja. Kicheko kikaja. Soko zima likacheka pamoja na yule mwanamke.

Jirani akanikabidhi kanda kwa mikono miwili, kama anayetoa zawadi.

"Yaishe, dada."

"Yaishe yakiwa yameanza lini? Mzee, naomba kitu kimoja. Azime muziki wake wa dansi, akae kwenye kigoda, aisikilize hii mwanzo mpaka mwisho. Sasa hivi."

Ilikuwa siku ya gulio. Mzee akatazama umati wa wateja, akamtazama jirani yangu, akasema, "Hiyo ni haki."

Basi jirani akakaa. Waliokuja kuulizia kanda za dansi niliwajibu mimi: "Leo tuna msiba, nendeni kwa mwenzake kule stendi." Wakaenda. Yeye akawa anawasindikiza kwa macho, mmoja mmoja. Mimi namtazama yeye, na mama anaimba.

Kanda ikagota. Akainuka nusu.

"Imekwisha, dada?"

Nikaichomoa, nikaifuta vumbi kwa pembe ya kitenge, taratibu, kisha nikaifuta tena.

"Kaa," nikamwambia, nikiigeuza. "Bado mtoto wa sufuria."