Mahali Aliposimama Mama

Juzi mahakamani, tribinali kama tunavyoiita, niliona mkalimani wa viziwi amesimama kando ya juji, nikamkumbuka mama.

Mjomba Kalasa alikuwa kiziwi. Polisi alimpigia filimbi barabarani, yeye akaendelea kutembea, ndipo akashitakiwa kwamba alikimbia. Mchana wa kesi, nami nikiwa mtoto, chumba cha tribinali ya cité, mtaa wetu, kilinuka siraji ya viatu na moshi wa shaba kutoka kiwandani. Mama, aliyejua lugha ya mikono ya mjomba, alikaa karibu naye. Juji aliuliza yote huku akimtazama mama tu. Basi mama akainuka, akaenda kusimama kando ya juji.

“Baba juji, muntu yenye unauliza iko pale. Muangalie yeye.”

Nilidhani mama amehamia upande wa serikali. Nililia. Sikuelewa kwamba sasa mjomba aliwaona wote wawili, na juji hakuwa na pengine pa kutazama.

Mikono ya mjomba ilisema, mama akatoa sauti: “Filimbi ilikuwa nyuma. Macho yangu iko mbele.”

Walimwachilia. Njiani nilikataa mkono wa mama, nikashika wa mjomba. Yeye aliuchukua mkono wangu, akautia katika wa mama.